Amechaguliwa Umeme, Anataka Roboti: Abadilishe Kozi?

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka na majina ya waliochaguliwa vyuoni yakaanza kusomwa, simu yangu haipoi. Safari hii alipiga mama mmoja anayeuza mchele soko la Mwanjelwa, Mbeya, ambaye nimekuwa mteja wake wa miaka.

"Injinia, nimechanganyikiwa. Mwanangu kachaguliwa uhandisi wa umeme. Mwenyewe anataka roboti. Wenzake wanamwambia umeme ni kupanda nguzo tu, atafute chuo chenye kozi iliyoandikwa robotiki. Abadilishe?"

"Mama, kabla hajabadilisha, ile mashine ya kuchambua mchele kule Igurusi unakochukulia mzigo, unaijua?"

"Ile inayopumua tsi-tsi-tsi?"

"Hiyohiyo. Mwambie kijana akaitazame, halafu tuzungumze."

Akaniaga kwa sababu wateja walikuwa wamejaa, nami nikabaki na maelezo mdomoni. Nayaandika hapa, maana najua hayuko peke yake.

Tuanze na hiyo mashine. Mchele uliokwisha kukobolewa humwagwa juu, ukateremka kwenye michirizi kama maji ya mvua kwenye bati. Ukifika ukingoni, punje zinaanguka mbele ya kamera. Kamera inaitambua punje nyeusi, punje ya njano au kijiwe, na chini yake kidogo zimepangwa pua nyembamba za hewa. Punje mbovu ikifika usawa wa pua yake, vali inafunguka na kujifunga ndani ya sehemu chache za elfu za sekunde. Hewa inaipiga kofi, punje inarukia bomba la pembeni. Nzuri zinaendelea na safari ya kwenda kwenye kiroba. Mlio ule wa tsi-tsi-tsi ni maelfu ya maamuzi yanayofanyika mbele ya macho yako.

Mashine hiyo inafanya mambo matatu mfululizo: inaona, inaamua, inatenda. Robotiki ni taaluma ya kutengeneza mashine zinazozungusha mambo hayo matatu zenyewe, bila mtu kushika usukani kila sekunde. Kiungo kinachoona tunakiita sensa. Kinachoamua ni kidhibiti, yaani kompyuta, kubwa au ndogo kama kucha. Kinachotenda kwa kawaida ni mota au vali.

Mwenye kupenda ubishi ataniuliza kama mashine ya mchele ni roboti kweli. Kwa kipimo cha kimataifa cha viwanda, hapana. Roboti ya kiwandani inatakiwa iweze kupangiwa kazi upya, itumike kwa kazi zaidi ya moja, na iwe na angalau mihimili 3 ya mwendo. Hii ya Igurusi inajua mchele tu. Kwa hiyo tuiite binamu wa roboti. Lakini aliyeielewa vizuri hana safari ndefu ya kuuelewa ule mkono wa chuma unaochomelea mabodi ya magari, kwa sababu damu ni moja.

Na hapo tayari dhana ya kwanza potofu imeanguka: kwamba roboti ni lazima iwe na kichwa, macho mawili na miguu. Roboti nyingi duniani hazina sura. Ni mikono iliyofungwa sakafuni viwandani. Shirikisho la kimataifa la robotiki linahesabu zaidi ya roboti milioni 4 za aina hiyo zinazofanya kazi, na China peke yake inachukua zaidi ya nusu ya zile mpya zinazofungwa kila mwaka. Zile zinazocheza muziki kwenye video ni wachache wanaojua kujitangaza.

Punda na tarishi

Sasa huo "umeme" ambao kijana amechaguliwa ni nini? Mtaani neno umeme lina maana moja: taa imewaka, au imekatika. Chuoni umeme hufundishwa katika sura mbili, na naona njia rahisi ya kuzitenganisha ni punda na tarishi.

Umeme wa punda hubeba mzigo. Ndio unaosaga mahindi, unaovuta maji kisimani, unaosukuma treni ya SGR kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma. Hapa kinachotakiwa ni nguvu, na shughuli yako ni nyaya nene, transfoma, mota kubwa, na ndiyo, nguzo pia.

Umeme wa tarishi hubeba habari. Ni mdogo kiasi kwamba hauwezi kuwasha hata taa ya tochi, lakini unaleta taarifa: joto limefika nyuzi 80, mlango umefunguliwa, gurudumu limezunguka mara 12. Simu yako, redio na ile kamera ya mchele vinaishi kwa tarishi.

Ukimtazama roboti, ndani yake utamkuta tarishi akikimbia kutoka kwenye sensa hadi kwenye kidhibiti, kisha kidhibiti kikimwamuru punda asukume mota. Sijui fani nyingine ya uhandisi inayowafundisha wote wawili chini ya dari moja kama hii. Pale MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha Mbeya kilichoko Iyunga, fani yenyewe inaitwa umeme na elektroniki, na jina hilo limebeba wote wawili. Rafiki zake wanaosema umeme ni nguzo wamemwona punda, wakaondoka kabla tarishi hajafika.

Historia nayo iko upande wangu. Roboti ya kwanza ya kiwandani, Unimate, ilianza kazi mwaka 1961 katika kiwanda cha General Motors huko New Jersey, Marekani. Ilisukumwa na mafuta ya haidroliki, kama tipa linavyoinua bodi lake. Mwaka 1974 kampuni ya Sweden iliyoitwa ASEA, ambayo leo ni sehemu ya ABB, ikatoa mkono uliosukumwa na mota za umeme tupu na kuongozwa na kompyuta ndogo. ASEA ilikuwa kampuni ya umeme. Yaskawa ya Japani, jina jingine kubwa la roboti, ilianza mwaka 1915, na biashara yake ilikuwa mota. Mafuta yalipotoka kwenye viungo vya roboti na mota zikaingia, watu wa umeme walijikuta wamekaa sebuleni.

Dereva wa Kitonga

Kuna somo moja, kwa kawaida la mwaka wa tatu, ambalo wanafunzi wengi hulisoma ili wafaulu mtihani, kisha hulisahau wakitoka mlangoni. Linahusu udhibiti. Limejaa hesabu na herufi za Kigiriki, na wengi hawaambiwi kwamba hapo ndipo robotiki ilipo. Nitalieleza kwa lori.

Umepanda semi iliyobeba saruji, mnateremka Mlima Kitonga. Dereva ameshaamua kasi anayoitaka, tuseme 20 kwa saa. Anatupia jicho mshale wa kasi. Huyo ndiye sensa. Anapima tofauti kati ya anachotaka na anachoona. Kisha anafanya kitu kwenye gia au breki. Halafu anatazama tena. Duara hilo la kutazama, kulinganisha na kurekebisha tunaliita mrejesho. Dereva ambaye angesema "nitakanyaga breki kwa sekunde 5 kila baada ya dakika, bila kutazama mshale" usingepanda gari lake. Pasi yako ya umeme inayojizima ikipata moto na kujiwasha ikipoa inafanya mrejesho huohuo, kwa ujinga zaidi kidogo.

Dereva mzoefu ana tabia tatu. Ya kwanza: kasi ikizidi kidogo, anabana kidogo, ikizidi sana, anabana sana. Ya pili: akiona kwa muda mrefu mshale umeng'ang'ania 22 badala ya 20, anaongeza kidogo hadi ukubali, maana kosa dogo linaloendelea nalo ni kosa. Ya tatu: akiona mshale unapanda haraka, hangoji ufike 30, anabana mapema. Ziandike tabia hizo tatu kwa lugha ya hesabu, uzijumlishe, na umepata kanuni inayoitwa PID. Ndiyo inayoshikilia mkao wa mikono ya roboti, usawa wa droni angani, na joto la matanuri mengi ya viwandani. Kazi ya mhandisi ni kuamua kila tabia ipewe uzito kiasi gani. Ukizidisha ya kwanza, mkono wa roboti unatikisika kama wa mlevi. Ukiipunguza mno, unafika umechelewa.

Ningekuwa na uwezo wa kumwambia kijana yule jambo moja tu, ningemwambia asilichezee somo hilo. Masuala ya kamera na programu atayafundishwa hata na kijana mwenzake kwenye video. Hili la Kitonga ukilikosa darasani, kulirudia ukubwani ni kazi.

Ambacho shahada haitampa

Nisimdanganye mama. Shahada ya umeme inafungua mlango. Haikubebi hadi chumbani. Kuna mapengo, na kubwa kuliko yote ni mekanika.

Chukua ndoo ya maji. Ukiishika mkono umening'inia ubavuni, unatembea nayo kutoka bombani hadi nyumbani. Unyooshe mkono mbele, ushike ndoo ileile. Hutahesabu hata hadi thelathini. Uzito haujabadilika, umbali wake kutoka begani ndio umebadilika. Sasa mhandisi wa umeme akiona mkono wa roboti umeshindwa kuinua kitu, dawa inayomjia haraka ni kufunga mota kubwa zaidi kwenye kiwiko. Mota kubwa ni nzito. Uzito wake unalibebesha bega, naye analiwekea bega mota kubwa zaidi. Mwisho ana mkono unaotumia nguvu zake zote kujibeba wenyewe. Mtu wa mekanika angecheka, akaisogeza mota karibu na shina, akaweka giaboksi na mkanda, kazi ikaisha. Kwa hiyo ajisomee mambo ya nguvu, mizani na gia, na awe na rafiki anayesoma mekanika. Urafiki huo una thamani kuliko vitabu vingine alivyo navyo.

Pengo la pili ni programu. Chuoni atakutana na lugha moja au mbili za kompyuta, na zitapita haraka. Robotiki ya leo inazungumza C++ na Python, na inapenda kompyuta yenye Linux, mfumo endeshi wa bure. Kuna mkusanyiko wa programu za bure unaoitwa ROS, ulioanza mwaka 2007 huko California, ambao umekuwa kama lugha ya soko kwa wana robotiki: sensa ya huyu na mota ya yule zinaelewana kupitia huo. Toleo la zamani liliacha kuhudumiwa Mei 2025, kwa hiyo anayeanza leo aanze moja kwa moja na ROS 2, asipoteze bando kwa masomo ya zamani. Ipo pia programu ya bure, Gazebo, inayokuwezesha kuendesha roboti ya kuigiza ndani ya kompyuta. Roboti hiyo ikigonga ukuta hakuna hasara.

Lakini ya kuigiza peke yake inalemaza, na hapa naongea kwa aibu yangu. Toroli langu la kwanza la kujiendesha, lililotakiwa kufuata mstari mweusi sakafuni, lilifanya kazi vizuri sana kwenye kompyuta. Nilipoliweka chini, lilitetemeka, likazima, likawaka, likatetemeka, likazima. Siku mbili nilitafuta kosa kwenye programu. Kosa lilikuwa lile ambalo kila mkazi wa Mwanjelwa analijua bila kusoma. Fundi wa kuchomelea akigusisha chuma, taa za majirani zinafifia, sivyo? Mota inapoanza kuzunguka kutoka kusimama hunywa mkondo mara kadhaa ya ule inaokunywa ikishachanganya. Nilikuwa nimeunganisha mota na kidhibiti kwenye betri moja dhaifu. Kila mota zilipoanza, volti ilishuka, kidhibiti kikapoteza fahamu na kuanza upya. Punda alikuwa anakunywa maji ya tarishi. Nilitenganisha njia zao, toroli likaenda.

Vifaa vya kujifunzia makosa ya namna hiyo vimeshuka bei. Bodi za Arduino, yaani vidhibiti vidogo vya kujifunzia, zilizoanzia Italia mwaka 2005, na nakala zake, zinapatikana, na kwa kawaida pesa ya gunia la mpunga inatosha kupata bodi, mota mbili na sensa za kuanzia. Mota za kuchezea na gia zake utazikuta pia kwenye printa mbovu. Mafundi wanazitupa.

Jina la kozi, na mambo mengine yanayowatisha wazazi

Watu huuliza kama bila cheti kilichoandikwa robotiki mwajiri atamkubali. Robotiki ni makutano ya fani tatu, kama Uyole ilivyo makutano ya barabara: wengine wanatoka njia ya umeme, wengine mekanika, wengine kompyuta, wote wanakutana pale. Hakuna anayeulizwa alitokea upande gani ilimradi amefika na mzigo. Kuna jambo moja la nyumbani la kuzingatia hata hivyo. Hapa Tanzania, kuitwa mhandisi ni suala la sheria, na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, ndiyo inayosajili. Mhitimu husajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu, na bodi ina mpango wa mafunzo kazini wa miaka 3 kabla ya kupanda daraja. Shahada ya umeme inafahamika vizuri huko. Kozi mpya yenye jina la kuvutia, hasa ya nje, ulizia kwanza kama inatambulika, ndipo ulipe ada.

Wengine wanachanganya robotiki na akili mnemba. Akili mnemba ni programu inayojifunza kutokana na mifano mingi. Mkono unaopaka rangi njia ileile mara elfu kwa siku hauhitaji akili hiyo hata chembe, na programu inayokuandikia barua haina mkono wala mguu. Vinaweza kuoana. Si ndugu wa tumbo moja.

Swali linalouma zaidi ni ajira. "Roboti huku Nyanda za Juu ziko wapi?" Jibu la haki: zenye jina hilo ni za kutafuta kwa tochi. Kazi zenyewe zipo, ila zimevaa jina jingine, otomesheni. Kiwanda cha saruji kule Songwe, kiwanda cha karatasi Mgololo, viwanda vya chai Mufindi na Rungwe, viwanda vya vinywaji Mbeya, vinu vya mpunga Mbarali, vituo vya kupanga parachichi Njombe: kote huko kuna mota, mikanda na joto la kudhibitiwa. Moyo wa kazi hizo viwandani ni kompyuta imara iitwayo PLC, iliyobuniwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960 ili kuondoa makabati yaliyojaa relei, yaani swichi zinazowashwa kwa umeme. Mtu anayeweza kukaa mbele ya PLC usiku wa manane, laini imesimama, meneja amemsimamia kichwani, akagundua kwamba sensa moja ina vumbi, huyo hakosi kazi. Na ujuzi huo ndio mwajiri wa roboti atakaouulizia baadaye, kwa sababu mkono wa roboti kiwandani haufanyi kazi peke yake, unapokea amri na ishara kutoka kwa PLC.

Ndiyo maana nawashauri wanafunzi watumie PT, yale mafunzo kwa vitendo, vizuri. Wengi hukimbilia ofisi ya Dar es Salaam yenye kiyoyozi, wakarudi na picha. Wiki 8 kwenye kiwanda chenye kelele, ukimfuata fundi mkongwe na kumbebea mita, zinafundisha kuliko picha hizo. Fundi huyo huenda hana digrii. Mwamkie, mnunulie chai, uliza.

Atakayetaka kwenda mbele zaidi, robotiki yenyewe husomwa vizuri zaidi katika shahada ya uzamili, akishakuwa na msingi. Si lazima avuke bahari. Chuo cha Carnegie Mellon, ambacho kule Marekani kilianzisha taasisi ya robotiki mwaka 1979, kina tawi Kigali tangu 2011, na uhandisi wa umeme na kompyuta ni mojawapo ya shahada za uzamili zinazotolewa hapo.

Jumamosi iliyofuata nilipopita Mwanjelwa, kijana alikuwa kibandani kwa mama yake. Akanipa shikamoo, akatoa daftari. Alikuwa amekaa kwenye ile mashine asubuhi nzima hadi mwendeshaji akamwonea huruma, akaizima umeme na kumfungulia kifuniko cha pembeni. Alikuwa amechora vali moja, na kando ya koili yake, ule waya uliosokotwa unaoifungua vali, kadude kadogo keusi kenye mstari mweupe.

"Hii ni diode, ile inayopitisha umeme upande mmoja tu," akasema. "Lakini wameifunga kinyume, haiwezi kupitisha umeme. Wamekosea?"

Nikamwambia hawajakosea. Koili ikishazoea mkondo haipendi ukatwe ghafla. Ukiikatia, inajitahidi kuuendeleza na inatupa volti kubwa kwa upande wa pili, ya kutosha kuua kidhibiti kilichoiamuru. Hiyo diode inakaa kimya kazi ikiendelea. Vali inapozimwa ndipo inafunguka, inaupa mkondo ule njia ya kuzunguka palepale kwenye koili mpaka uchoke. Akaandika. Mama akauliza kama sasa anabadilisha kozi au habadilishi, maana dirisha la kuthibitisha lilikuwa linakaribia kufungwa.

"Nathibitisha leo," akasema, bado anachora.